Hodi ya Sauti Mbili

Nakumbuka alasiri moja ya kaskazi, mwanangu. Jua lilikuwa limelegea, ukuta wa uani kwetu Bagamoyo umegeuka rangi ya asali, na baba yako kakaa mkekani anatafuta maneno ya kumpa mkewe talaka. Mimi shangazi yako, msichana wakati huo, nilikuwa napepeta mchele. Mpaka leo nikishika ungo hurudi pale pale, naota macho wazi.

Nakwambia haya kwa sababu jana ulikuja kwangu na maneno yale yale. Mkeo yuko kwao Chalinze tangu mlipompoteza mtoto, nawe unasema damu zenu hazipatani. Ngoja kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Baba yako alioa Fukayosi, kwa Wakwere. Mama yetu hakupenda. Alimtakia mtoto wa mjomba, binamu nyama ya hamu, damu isitoke nje. Mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu, wifi yangu akapelekwa kwao kujifungua. Aliondoka miguu imevimba na kichwa kinamgonga, na pande zote mbili wakafurahi, wakasema uvimbe ule ni dalili ya mtoto wa kiume. Kumbe kifafa cha mimba. Mama alipona, mtoto hakupona. Basi mama yetu akapata la kusema: damu ya Kikwere imeikataa yetu.

Alasiri ile daktari aliyemtibu wifi yangu, mwanamama mtaratibu, alikuja kutupa pole. Baba yako akamwuliza kama ni kweli damu hukataana. Akatueleza polepole, utadhani anambembeleza mtoto. Mwilini mna askari wa kuukinga na maradhi, na askari hao wana vipokezi, mfano wa vidole vya kumpapasa kila ajaye. Tumevirithi, na ni nadra watu wawili kuwa navyo sawasawa.

“Mtoto tumboni hupiga hodi kwa sauti mbili,” alisema, “nusu ya mama, nusu ya baba. Askari wa mama ndio wanaoitikia.”

Pengine huitikia upesi, kondo la nyuma likapata damu ya kutosha, pengine husitasita, likapungukiwa, na kifafa kikaja. Hapo hana kosa mke wala mume, na kifafa kina sababu nyingine pia. Kisha akasema tofauti hizo ndizo zilizotuvusha, kwani maradhi yaliyowamaliza hawa zama za kale yalishindwa na wale, na sisi ni wajukuu wa waliobaki. Nikaacha kupepeta. Nikawaona mawazoni wahenga wengi mno wanaingia uani kwetu bila kishindo, kila mmoja na hodi yake.

Bibi yetu alikuwa kajilaza barazani, tukidhani kalala. Akanyanyua kichwa.

“Mimi Mzigua wa Saadani. Babu yenu Mmanyema, na mama yake alitoka Nyasa. Hiyo damu mnayoilinda, niambieni, ni ipi?”

Mama yetu alijifunika kanga usoni, baba yako akavaa viatu akaenda Fukayosi kumchukua mkewe. Niliwapenda wote siku ile, hata mama.

Mimba ya pili hawakuufurahia uvimbe. Walishika kliniki mapema, presha ikapimwa kila mara, na mtoto akazaliwa hospitali kabla ya wakati wake, mdogo, analia kwa hasira. Bibi alimpakata akamnong'oneza, “Karibu.” Mtoto yule ni wewe.

Basi mwanangu, usimhukumu mwenzio kwa alichorithi bila kuulizwa. Nusu ya hodi ya mtoto mliyempoteza uliileta wewe. Nenda Chalinze, uwaombe radhi wakwe zako, na mkijaliwa tena muwahi kliniki, wala msiuite uvimbe heri. Ukifika mlangoni kwao piga hodi, na ungoje kuitikiwa.

Mungu akulainishie moyo, awajalie uzao wenye afya. Na siku mtoto atakapobisha hodi, awakute baba na mama wote wawili wamo ndani.