Gafa Si Ghafari

Rhoda Amosi Gafa, mkunga wa zahanati moja huko Kishapu, alifika kwenye dirisha la vitambulisho kwa mara ya nne. Kitambulisho cha kwanza kilitoka kimeandikwa Ghafari, cha pili Gaspari, cha tatu Ghafla. Vyeti vyake vyote vya ukunga vilisema Gafa, na bila majina kulingana asingepandishwa daraja.

"Shikamoo, Mama Noela," alisema karani, kijana aitwaye Innocent, ambaye sasa alishamzoea hadi kumwita kwa jina la mwanawe.

"Marahaba. Ni Gafa. G, A, F, A."

"Mama, Gafa siyo jina. Si Kisukuma, si la dini."

Rhoda akashusha pumzi. Akaeleza tena kwamba guku wake, yaani babu mzaa baba, alisimamia vibarua wa machimbo ya almasi upande wa Songwa. Fundi mmoja Mwingereza alikuwa akimwita "gaffer". Ni neno la mtaani la kizamani la kwao: vibarua humwita hivyo msimamizi wao, na vijana humwita hivyo mzee yeyote. Ukiuliza jambo kazini, unaambiwa kamuulize gafa. Wasukuma wakalidaka, na padri akamwandika baba yake Amosi Gafa.

"Kwa hiyo halikuwa tusi?"

"Halikuwa tusi."

Innocent akapekua simu yake. "Hapa wanasema ni kocha wa mpira. Pia mkuu wa mafundi taa kwenye filamu. Babu yako aliigiza filamu?"

"Babu yangu alisimamia watu wenye sururu!" Foleni nzima ikageuka. Rhoda aliona aibu, lakini hakushusha sauti. "Nimepanda basi mara nne. Wajawazito wananisubiri. Wewe unanitafutia kocha?"

Innocent akaandika, akamgeuzia kompyuta. Ilisomeka: Rhoda Amosi Gaffer.

"Ndiyo tahajia sahihi, mama. Nimeitoa kwenye kamusi."

"Hiyo ni ya Waingereza. Ya kwetu ni hii." Akatoa cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake, karatasi ya njano iliyokunjwa mara nane, akakibandika kwenye kioo cha dirisha na kukishikilia hapo kwa viganja viwili mpaka kijana alipomaliza kufuta tahajia ya Kiingereza na kuandika Gafa.

"Lakini mama," Innocent aliuliza kwa upole, "kule zahanati si wewe ndiye gafa?"

"Mimi ni mkunga. Chapa."

Akachapa. Rhoda alikisoma kitambulisho kipya herufi moja moja, mara tatu, papo hapo dirishani, huku walio nyuma yake wakiguna.