Nelfa Torregrosa, Tabibu wa Spika

Mtu akija mtaani kwetu, hapa nje ya mji wa María la Baja, akaulizia fundi wa spika, namwonyesha mlango wa Nelfa Torregrosa kabla hajamaliza swali. Ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Tumegombana juu ya maji machafu na juu ya majogoo yake, lakini penye haki nitasema: pwani yote hii sijaona wa kumfikia. Wanasema chema chajiuza. Yeye ni chema na bado anajitangaza, tena kwa kelele.

Baba yake alikuwa na piko, yale maspika makubwa kama makabati, yaliyopakwa rangi za kuwaka, yanayotolewa barabarani siku za sherehe. Nelfa alijua kubandika karatasi ya spika iliyochanika kabla hajajua kukaanga samaki, na samaki mpaka leo anamuunguza. Kwetu sisi, mashine isiyotikisa mabati ya paa tunaihesabu mbovu. Besi isipokupiga kifuani unaona umedhulumiwa.

Sasa, mama mkwe wangu, Mama Eustorgia, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za bullerengue hapa, yeye anaimba na wanawake wanamwitikia kwa makofi, mpaka alipopasuliwa koo akabaki na mnong'ono tu. Binti yangu Luzneida, muuguzi huko Chile, akaomba kuurithi wimbo mkubwa wa bibi yake. Katika ukoo huu wimbo hauombwi kwa mdomo. Unauimba mbele ya mwenyewe. Akikupigia makofi, ni wako. Akinyamaza, usiuguse tena maisha yako. Na Jumatatu Mama Eustorgia alikuwa anarudishwa hospitali, jambo ambalo kila mtu alilizungumza kwa kuangalia chini. Luzneida hakupewa ruhusa kazini. Ikabaki aimbe kwa simu ya video, kwenye kompyuta yangu ya mapajani.

Jumamosi asubuhi niliiweka juu ya mto, nikautandika mto kitambaa changu kizuri cha kufuma, maana mgeni wa heshima hakalishwi mahali patupu. Luzneida akaimba. Ikatoka sauti ya mbu ndani ya kopo. Mama Eustorgia akakunja uso, mikono imelala mapajani. Nikamwita Nelfa juu ya ukuta.

Akaja na nyaya, akaiunganisha kompyuta na piko la marehemu baba yake. Mtoto wa mwenye piko angefanya nini kingine? Sauti ya mwanangu ikatoka kama ya fahali aliyetumbukia kisimani. Sahani zilicheza kabatini, Mama Eustorgia akaziba masikio. Shemeji yangu Wilfrán, ambaye hata balbu hajawahi kubadilisha, akasema tuache tu, bibi amezeeka, hasikii.

Nelfa akamgeukia. "Anasikia kuliko wewe. Mashine ndiyo haisemi."

Kufanya kosa si kosa. Akang'oa nyaya zake mwenyewe, akaipindua kompyuta, akacheka. Spika zilikuwa chini ya tumbo lake, nami nimezikaba kwa mto na kitambaa. Akaniambia nimemziba mwanangu mdomo kwa urembo. Matundu yalikuwa yamejaa vumbi la unga wa mahindi, akayasafisha kwa brashi laini, taratibu, bila kupuliza kwa mdomo, akisema mate ni adui. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akazima ile ya kukuza besi, akashusha sauti nzito, akainua za katikati, pale anapokaa binadamu anapoongea. Mwanamke wa piko, kushusha besi! Wilfrán alitazama kama anayeona dhambi. Mwisho akaiweka juu ya meza tupu ya mwerezi, akaiinua kwa vipande viwili vya mbao ili spika zipumue, akaisogeza karibu na ukuta.

"Mwambie aimbe," akasema.

Luzneida akaanza upya, na nikamsikia mwanangu. Hakuwa mkubwa wala mdogo, alikuwa yule yule aliyekuwa akiimba hapa akiosha vyombo. Mama Eustorgia akainama mbele. Mikono haikutoka mapajani. Ubeti wa pili, katikati, akainua kiganja: simama.

Luzneida akakatiza wimbo. Nikajua tumekwisha. Akaniita kwa kidole, nikatega sikio mdomoni pake.

"Amevuta pumzi katikati ya jina la mama yangu," akanong'ona. "Arudie."

Pumzi, jamani! Kutoka Chile, kwenye kompyuta yangu kuukuu! Na bibi huyu ninamjua: mtu asiyemtaka hamsahihishi, anamwacha aende zake. Nelfa akainua kidevu juu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujitangaza. Nilijivunia jirani yangu kama niliyemzaa mimi.

Luzneida akarudia. Alipofika pale akaishika pumzi, jina likapita zima. Ndipo Mama Eustorgia akaanza kupiga makofi, polepole, mikono imekauka lakini mdundo umenyooka, nasi tukamfuata. Nilikuwa nikimtazama mwanangu kwenye kioo cha kompyuta. Makofi yalichelewa kidogo kumfikia, na yalipomfikia alilia, ila wimbo hakuuacha.