Niliazima gari nikatafakari peke yangu Sumbawanga hadi Kirando, nikaishia uani kwa mama niliyemgonga

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi humu ni msomaji tu. Kazi yangu miaka yote kupiga like na kupita. Leo naandika, na nitakayoandika yametokea. Sijaongeza chumvi, na sehemu zinazonidhalilisha sijazikata. Anayetaka kunitukana asubiri nimalize.

Na wale wa utani wa uchawi, "Sumbawanga tena? Ungo umeegesha wapi?" tulieni. Nilitumia gari, tena la kuazima kwa shemeji.

Iko hivi.

Mimi ni dereva wa Fuso, au nilikuwa. Miaka kumi na moja nimebeba mahindi ya Ufipa: Namanyere, Chala, Laela, mpaka Tunduma na Mbeya.

Mwaka jana msimu wa ulezi, saa kumi jioni, natoka Namanyere na mzigo kurudi Sumbawanga, nikamgonga mama mmoja kando ya lami, mbele ya nyumba yake. Hakufa, namshukuru Mungu. Alivunjika mguu juu ya goti.

Kwa msioijua Ufipa: lami ilipofika huku, kina mama waligundua inakausha ulezi haraka kuliko mkeka. Inashika joto na haina mchanga. Basi msimu ukifika unakuta masuke yameanikwa pembeni mwa barabara, yamezungushiwa mawe ili magari yasipande, na mama ameinama anayageuza kwa fimbo. Sisi madereva tunawatukana kila siku. Mimi nilikuwa bingwa wa kutukana.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mwaka mzima sikumwambia mtu, hata mama watoto.

Siku ile yule mama alikuwa ndani ya mawe yake. Mimi nilikuwa nasoma meseji kwenye group la madereva, jamaa katuma kwamba traffic wamejaa mbele. Nilipoinua macho, tairi la kushoto lilikuwa limeshapanda mawe.

Traffic walipofika walikuta ulezi umetapakaa hadi katikati ya barabara. Ni tairi zangu zilizousambaza. Wakaniuliza, "Uliukuta hivi hivi?"

Nikasema ndiyo.

Halafu nikaongeza la kwangu, kwamba mama alirudi kinyumenyume akaingia barabarani ghafla. Nilikuwa peke yangu kwenye gari. Mama alishakimbizwa hospitali, na baadaye nikasikia hakumbuki kitu. Wakaandika, nikasaini, nikaondoka.

Wakuu, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikwenda mwaka mzima na ilikuwa bado haijaisha.

Tajiri, yaani mwenye gari, nilimwambia mgongo unaniuma. Nikakaa mtaani nauza vocha na soda. Watu wakanipa pole ya mgongo, naitikia. Nikisikia breki ya lori barabarani, nakosea chenji ya mtu.

Wiki mbili zilizopita tajiri akapiga. Ana Fuso jingine, ananitaka mimi. Jibu anataka Jumatatu, la sivyo anampa mwingine.

Nikamwambia mshikaji wangu mmoja kwamba nina mawazo. Akanipa ushauri wa vijana wa mjini: "Chukua gari, nenda mwenyewe mahali, zima simu, tafakari. Wenzetu wanaita solo trip." Nikaona sawa. Nitakwenda Kirando, nitaona ziwa, nitapima kama mikono yangu bado inaweza usukani. Ndivyo nilivyojidanganya.

Maana barabara ya Kirando inapita mlangoni kwa yule mama. Nilijua hilo kabla sijawasha gari.

Alhamisi asubuhi nikatoka. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, nilivaa koti na kofia, lakini kabla sijamaliza nyumba za mwisho za mji nilikuwa nimelowa jasho. Gari dogo, halina mzigo, barabara nyeupe kabisa, mimi natembea arobaini. Bodaboda zinanipita na kunipigia honi. Bibi mmoja alikuwa anavuka mbali huko, mimi nimeshasimama. Akavuka, akageuka kunitazama, akaendelea na safari yake.

Kutafakari kwenyewe hakukuwepo. Nilikuwa na swali moja tu: nikifika pale nitafanya nini?

Kuna uwanda mrefu baada ya Chala, majani yameshakauka, upepo unayalaza upande mmoja, huoni mtu. Pale nilijitetea kwa sauti kama niko mahakamani. Sikumuua. Hata ningesema ukweli mguu usingeunganika. Nina watoto watatu. Na mnajua huku dereva akigonga mtu, wenye hasira hawasubiri maelezo. Nikirudi pale kwa miguu yangu, nani ananihakikishia nitatoka?

Nikafika. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati, mparachichi mmoja.

Sikusimama.

Nilipita nimekaza macho mbele kama niko kwenye gwaride. Lakini kitu kimoja nilikiona na kilinikaa. Kijiji kizima, pande zote mbili za lami, hapakuwa na suke hata moja barabarani. Msimu umefika na lami iko tupu.

Namanyere sikula. Nikashuka taratibu kule kwenye miteremko ya kuelekea ziwani, mguu kwenye breki muda wote, nikaingia Kirando mchana. Joto. Nikachukua chumba guest, nikalala na viatu.

Ijumaa asubuhi nikaenda ufukweni nikafanye hiyo tafakari sasa. Kina mama walikuwa wameanika dagaa mchangani, wanawageuza. Nikasimama nikiangalia ziwa, najitahidi kuwaza mambo makubwa ya maisha.

"Baba, pisha kivuli," mama mmoja wa makamo mwenye ushungi akaniambia bila kuinua kichwa. "Unawanyima jua dagaa wangu."

Nikatazama chini. Nimesimama hatua moja kutoka kwake. Ameinama, amenipa mgongo, anageuza dagaa wake kwa utulivu kabisa. Hana wasiwasi kwamba mtu aliye nyuma yake atamdhuru.

Wakuu, yule mama wa lami alikuwa ameinama hivyo hivyo. Nikakaa pale pale mchangani.

"Unaumwa?" akauliza, sasa amenigeukia.

"Hapana mama. Kuna mtu nilimkosea."

Akanitazama kidogo. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Sasa hapa kwangu unafanya nini?" Akaendelea na dagaa wake.

Sikurudi kuoga wala nini. Nikachukua begi, nikawasha gari. Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Kabla ya Namanyere nilisimama mara mbili, na mara ya pili nilikaa nikihesabu njia za kurudi Sumbawanga bila kupita pale.

Saa tano hivi nikaegesha mbele ya ile nyumba.

Alikuwa uani peke yake, amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooka mbele, anachambua maharage. Ulezi wake ulikuwa juu ya turubai, kivulini nusu, bado mbichi. Gari liliposimama akashika fimbo haraka akainuka, na niliona ameogopa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Hakunijua.

Nikataja jina langu. Halafu nikasema, "Mimi ndiye dereva wa lile Fuso."

Nilishajiandaa kwa kelele. Nilijiandaa atawaita watu. Ufunguo ulikuwa mkononi na gari nililigeuza kabisa kuelekea Sumbawanga, niwe mkweli.

Yule mama akaweka fimbo chini. Akaanza kujishusha, taratibu, ule mguu hauwezi kukunja, akautoa pembeni, akafika chini. Akapiga makofi ya polepole, yale ya Kifipa, ambayo wazee wetu hupiga wakimheshimu mtu mkubwa au wakiomba radhi.

"Nisamehe baba," akasema. "Nilikuponza. Nilisikia uliacha kazi kwa ajili ya ulezi wangu. Kila gari likisimama hapa najua umekuja kunishtaki."

Mimi ni Mfipa niliyekulia mjini, Kifipa changu cha kuombea maji. Lakini hata mimi najua makofi yale huwezi kuyatazama tu. Unaitikia, na ukiitikia maana yake umepokea.

Nilijaribu kumwinua, akakataa. Anaendelea kupiga, anasubiri niitikie. Mama wa umri wa mama yangu, yuko chini kwenye vumbi, ananiomba msamaha kwa mguu niliouvunja mimi.

Nikapiga magoti. Nikamshika mikono yote miwili ili iache kupiga.

"Mama, usiniombe radhi. Hukuingia barabarani. Nilikuwa nasoma simu. Nilidanganya polisi."

Mikono yake ikatulia ndani ya yangu, kisha akaivuta.

Akageuka kutazama lami. Kuku wanapita. Mimi nalia, sioni aibu kuandika.

"Ulezi wangu ulikuwa ndani ya mawe?" akauliza.

"Ulikuwa ndani ya mawe, mama."

"Wote?"

"Wote. Ni mimi niliyeyapanda mawe."

"Maana mimi nayakumbuka yale mawe," akasema kwa sauti ndogo. "Niliwaambia niliyapanga vizuri. Wakasema nimechanganyikiwa kwa maumivu."

Ndipo akanieleza mwaka wake. Wauguzi, ndugu, majirani, wote walimwambia alijitakia. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano, akamsimamisha na magongo yake kama mfano, na akapiga marufuku ulezi kuanikwa kwenye lami. Kina mama wenzake wakamnunia kwa sababu msimu wao umeharibika. Mumewe, kila wakikosana, anamkumbusha ulezi wa barabarani. Mwisho na yeye akaamini.

Mimi nilidhani uongo wangu uko kwenye karatasi kituoni. Kumbe ulikuwa unaishi ndani ya nyumba hii, unakula nao na kulala nao.

Nilimwomba msamaha. Akasema tu, "Kaa hapo. Baba Skola yuko shamba, anarudi kula." Skola ni binti yao mkubwa, ameolewa Milepa.

Hakuniita ndani na hakunipa maji. Mnaojua nyumba za Kifipa mnajua uzito wa jambo hilo. Nikakaa juani karibu masaa mawili, gari liko hatua kumi. Kila nikiwaza kuondoka, yeye anaendelea kuchambua maharage bila kunitazama, na nashindwa kuinuka.

Mzee akaja na panga na kuni begani. Nilitazama lile panga, siwafichi. Mama akamsemesha Kifipa maneno machache, kisha akanigeukia.

"Rudia."

Nikarudia yote: simu, mawe, polisi. Mzee hakunipiga. Alitua kuni, akavua kofia, akakaa chini pale alipokuwa amesimama. Alimtazama mkewe, kisha ule mguu. Baadaye akasema, "Mama Skola, mimi nimekusema vibaya." Mama akamtuma akamwite mwenyekiti.

Mwenyekiti akaja, na nyuma yake majirani, kama ishirini hivi. Hapo ndipo nilijua naweza kufa. Kijana mmoja alishaokota jiwe. Mama akasimama na fimbo yake katikati yangu na wao.

"Asiguswe mpaka amalize," akasema. Kisha kwangu, "Rudia. Sema kwa nguvu, kule nyuma hawasikii."

Nikarudia kwa nguvu. Nilipofika kwenye mawe, akanikatisha. "Yalikuwa wapi?" Nikasema yalikuwa kwenye mstari, pembeni. "Rudia hapo." Nikarudia hapo. Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Kina mama wakaanza kunong'onezana, na mmoja akaenda akasimama karibu na mama Skola, akamshika bega.

Hawakunigusa. Nilipofungua mlango wa gari, mama akanifuata mpaka dirishani.

"Sijakusamehe," akasema. "Nitaangalia. Kwanza nenda ukaseme kule ulikoandikisha."

Nikaendesha mpaka Sumbawanga. Usukani niliuweza, lakini roho haijatulia. Jana usiku nimemwambia mama watoto, analia na hajanisemesha mpaka sasa.

Nilichojifunza kuhusu hizi safari za kutafakari: ukiwa peke yako barabarani unakosa mtu wa kumdanganya, unabaki wewe mwenyewe, na unachoka kujidanganya. Na mnaoendesha, wekeni simu mbali. Meseji ile ilikuwa na maneno manne.

Kesho Jumatatu naanzia kwa tajiri kumwambia ukweli, halafu naenda kituoni kubadilisha maelezo. Wanasheria wa humu, nini kinanisubiri? Niende na mtu au niende peke yangu? Na nyie wengine semeni, hata matusi nitasoma yote.

Uani kwa mama Skola nilisema mara tatu, na kwa mama watoto ya nne. Hapa kwenu ni ya tano, na kwenye group la madereva wanasema kina mama wa kule wamerudisha ulezi barabarani tangu jana.