Pini za Kifuani

Wateja humwita Mama Pini, naye huitika kana kwamba jina hilo alipewa na wazazi wake. Akikupima gauni, pini zake huzichomeka kwenye titi la kushoto, juu ya blauzi, mpaka zizame, na hata siku moja hajashtuka. Ukimuuliza, hucheka: ngozi imezoea. Ukivuta tumbo ndani, hukuchapa kikofi kiunoni. "Pumua, mwanangu! Mimi nashona gauni, sishoni uongo."

Juzi bibi harusi mtarajiwa alijikunyata futi ilipopita karibu na kwapa. "Kuna kitu kama kokwa," alisema. "Lakini hakiumi, mama. Na kwetu hakuna aliyewahi kuugua saratani, kwa hiyo sina wasiwasi." Mama Pini hakutania. Aliushika mkono wa binti akauweka kifuani pake, palepale penye pini. Vidole vikazama kwenye pamba na mabaki ya vitambaa, titi halikuwepo.

"Langu nalo halikuuma," alisema taratibu. "Na kwetu nilikuwa wa kwanza. Nilijipa moyo, nikachelewa, wakalikata titi zima. Lako huenda si kitu, vivimbe vingi si saratani, lakini wa kutuambia hivyo ni daktari. Kesho asubuhi nakusindikiza."

"Na gauni, mama? Harusi imekaribia."

Mama Pini alikikunja kitambaa cheupe cha gauni, akachomoa pini moja kifuani, akakibana.

"Gauni linangoja, mwanangu. Hicho cha kwapani hakingoji."