Vipande Vinne vya Mafunjo

Mtu aliyenipa amana ya kwanza maishani mwangu alikuwa mgeni mgonjwa, na mwanzoni sikumpenda hata kidogo. Alifika Kabambare, mji wetu wa Maniema, na msafara uliotoka Ujiji, miaka ile kabla Wazungu hawajatuingilia na majeshi yao, akiwa na mizigo ya sindano na vioo vya kujitazamia. Mume wangu alimkaribisha nyumbani kama alivyowakaribisha wasafiri wote, kisha mwenyewe akashika njia ya Kasongo na kuniachia mimi kazi ya kumpikia uji. Alikuwa mtu wa Misri, katika wale Wakristo wa huko waitwao Wakibti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, na kila nilichompelekea alikinusa kwanza. Mtu akinusa chakula changu mimi humkasirikia, hata kama yuko mahututi.

Niseme mapema nilikuwa nani katika nyumba ile. Nilizaliwa kwa Wabangubangu, kando ya kinamasi cha mto Luama, na mama yangu alikuwa msusi wa majamvi. Nilikamatwa nikiwa msichana, nikaletwa Kabambare kwa kamba shingoni. Huyo ninayemwita mume, watu wa pwani walikuwa na neno jingine la kumwitia mwanamke kama mimi: suria. Nilifundishwa kusali, nikavikwa nguo nzuri, nikamzalia binti. Lakini nilikuwa mali ya mtu. Kazi nilipewa nyingi, ufunguo sikupewa hata mmoja.

Asubuhi moja mgeni alitoka nje kuota jua, akafungua vibao viwili vyembamba vilivyofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya kitu cha rangi ya kahawia, vikavu, vimejaa maandishi madogo meusi. Watu wa nyumbani wakamzunguka. Mmoja akasema ni ngozi ya mbuzi. Mwingine akasema ni gome la mti lililopondwa. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, nikachungulia juu ya mabega yao, nikacheka.

"Hii iko mafunjo," nikasema.

Mgeni akainua uso. "Wewe najuaje?"

"Mimi nilikata mafunjo tangu niko mutoto. Tazama nyuzi zake. Huku zinalala, huku nyuma zinasimama. Mutu alipasua bua, akapanga vipande kama jamvi, akapiga mpaka vikashikana."

Akageuza kipande kimoja, akatazama mbele, akatazama nyuma. Nadhani alikuwa amekibeba mwaka mzima bila kuliona jambo hilo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mafunjo yapo hapa. Nikamwambia yapo tele, ng'ambo ya mashamba, mpaka yanatukera. Hakuamini. Alisema kwao Misri yamekwisha. Wakulima wanaochimba udongo wa miji iliyokufa ili kurutubisha mashamba wanakuta karatasi zake ardhini, lakini mmea wenyewe hakuna aliyepata kuuona, wala yeye, wala babu yake.

Nilikwenda kinamasini mwenyewe. Nikamletea bua moja bichi, lenye nywele zake za kijani kichwani, refu kumshinda yeye. Nikalilaza mapajani mwake. Alilipapasa pembe zake tatu, akalivunja kidogo, akanusa ule weupe wa ndani. Mtu yule mwenye kunusa kila kitu, safari hii aliponusa alilia. Tangu siku hiyo nikaanza kumpenda.

Alinieleza kwamba alinunua vile vipande kwa mchimbaji siku chache kabla ya kupanda meli. Viliandikwa kwa lugha ya Wayunani, wa zamani sana. Yeye hakuijua, ndugu yake ndiye msomaji wa kanisa lao. "Mimi nadhani ni kitabu cha Mungu," alisema, "lakini nadhani tu." Kilichomsumbua ni kwamba vipande havikukaa pamoja. Nikamwomba anipe. Sikuyatazama maandishi, maana wakati huo sikujua kusoma chochote. Jamvi likikatika hufuati rangi, unafuata nyuzi. Mbili nene, moja nyembamba, moja yenye kovu jeusi. Kipande cha kwanza kikaingia kwenye cha pili, cha nne kikashika chini, na kile cha tatu nikakigeuza, kwa sababu bwana wetu huyu alikuwa amekiweka kichwa chini miguu juu safari yote kutoka Misri. Likawa jani moja, ukubwa wa viganja viwili vilivyowekwa pamoja, limeandikwa huku na huku. Maneno mengine mafupi yalikuwa na kistari juu yake, kama paa dogo. Nikamwonyesha, naye akayafuata yale mapaa kwa kidole, moja moja.

Homa ilimrudia wiki ile. Alipoona haponi, alimwomba mwenzake wa msafara amwandikie ndugu yake barua, kisha akaniita. Akaniwekea vibao mikononi.

"Mpe ndugu yangu. Atakuja."

"Ngoja bwana wa nyumba arudi, umupe yeye."

"Hapana. Wewe. Wewe najua hii ni kitu gani."

Akafa kesho yake, tukamzika. Nikabaki na vibao vile, mimi niliyekuwa mali ya mtu, nikiwa mlinzi wa mali ya mtu. Niliviviringisha katika jamvi na kuvitundika juu, mchwa wasivifikie, na kila nilipopita chini yake nilitembea wima zaidi. Sioni haya kusema hivyo.

Mwaka ukapita. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka minne hivi, akashikwa na homa na kuhara. Siku ya tano alikuwa mwepesi kama ungo, na macho yake hayakunifuata tena nilipotembea. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alimfanyia kombe: aliandika maneno ya Kurani kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akayaosha kwa maji, akaniambia nimnyweshe. Alifanya hivyo mara tatu. Mara zote mtoto alitapika, na mara ya tatu akafumba midomo asinywe kabisa, maji wala kombe.

Nikavishusha vibao nikampelekea mwalimu. Nikamwuliza kama maandishi haya nayo hayafai kuoshwa. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwangalifu wa maneno yake. Akavigeuza vipande mbele na nyuma.

"Bibi, siwezi kuosha maneno nisiyoyajua. Huenda ni ya Mungu, huenda ni hesabu ya mbuzi. Na juu ya yote, hii ni amana. Irudishe ulikoitoa."

Nilirudi nyumbani nikimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Nikakaa kando ya mtoto. Nilijua maana ya kuvunja amana: mwenye nyumba atadaiwa, na atalipa kwa alicho nacho, na mimi nilikuwa miongoni mwa vitu alivyokuwa navyo. Lakini pumzi ya mwanangu ilikuwa inakwaruza. Nikawaza kwamba maneno yaliyolala ardhini muda wote huo yasioze, hayawezi kuwa hesabu ya mbuzi.

Jua lilikuwa la saa nne asubuhi. Nikatia maji safi katika bakuli na kuchukua vipande viwili. Hata katika wazimu ule niligawa: nusu ya marehemu, nusu ya mwanangu. Nikavitia majini na kuvisugua kwa ncha ya kidole. Wino ulikuwa wa masizi, masizi kama ya chungu changu, nao ukaanza kuachia polepole. Herufi zikalegea, zikawa moshi ndani ya maji. Na kutoka katika bakuli ikapanda harufu ya kinamasi cha kwetu, ya mabua mabichi mama yangu akiyapasua. Kitu kilichokauka kabla babu wa babu yangu hajazaliwa kilikuwa kimekunywa maji na kukumbuka kilikozaliwa. Niliogopa sana. Nilitaka kumwaga yale maji, na mkono haukukubali.

Nikamwinua mtoto kichwa. Alifungua kinywa, akanywa. Akanywa yote, mpaka weusi wa chini, na hakutapika. Alipoamka alasiri aliomba ndizi.

Mwalimu alisema Mungu amemponya. Jirani alisema homa ilikuwa imefika siku yake ya kuondoka. Huenda alikuwa na kiu tu. Mimi sibishani na mtu. Nilimmenyea ndizi, nikalia, nikamwonyesha mwalimu uso mkavu. Vile vipande viwili nikavikausha chini ya jamvi zito. Vilitoka vizima kabisa, nyuzi zake zote mahali pake, na juu yake hakuna hata nukta.

Baadaye mume wangu alituhamishia Kasongo, mji mkubwa wenye mashamba ya mpunga na soko la kelele. Nikahama na vibao vyangu. Kwa mavuno matatu, kila msafara ulipotoka upande wa ziwa, nilichungulia nyuso za wageni. Nilikuwa na uongo wangu tayari, mzuri, wa kuaminika: mchwa. Nani Maniema atabisha kuhusu mchwa? Niliuzoeza mdomoni nikitwanga, nikafagia nao, nikalala nao.

Ndugu wa yule marehemu alifika mchana, amekonda, miguu imepasuka. Alikuwa ameulizia Kabambare akaambiwa tumehama, akatufuata. Mume wangu alikuwa barazani pamoja na mwalimu wetu, ambaye naye alikuwa amehamia Kasongo. Nikaitwa. Nikaleta vibao, na ndani nilikuwa nimeacha vipande viwili vyenye maandishi. Viwili vitupu nilivifunga katika pindo la nguo yangu.

Mgeni alinawa mikono kabla ya kufungua. Nilimpenda kwa hilo. Akainama, akaanza kusoma, kwanza kwa midomo tu, kisha kwa sauti, kwa kuvuta kama mtu anayeimba peke yake. Hatukuelewa hata neno. Alipofika kwenye moja ya yale mapaa madogo, alisimama, akagusa kipaji chake cha uso.

"Hapa ni jina la Isa," alisema. "Na hapa, la Mungu. Waliogopa kuyaandika yote, wakayafupisha, wakayafunika. Ni Injili. Isa yuko katika mashua na watu wake, jioni, wanavuka ziwa."

Mwalimu alisimama wima. Sisi tulifundishwa kuviamini vitabu: Taurati, Zaburi, Injili, Kurani. Injili tuliitaja siku zote kama mtu anavyotaja mji wa mbali, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuona ukurasa wake. Sasa ulikuwa pale juu ya mkeka wangu. Mgeni akasema mkono ulioandika jani lile ulioza kaburini vizazi vingi kabla Mtume wetu hajazaliwa. Nilikuwa nimetia kidole changu katika bakuli na kukifuta kitu hicho.

"Barua ya ndugu yangu inasema vipande vinne," mgeni akaendelea, akitutazama mmoja mmoja. "Inasema mwanamke wa nyumba aliviunganisha yeye. Viko wapi viwili?"

Mume wangu akanigeukia. Mwalimu akatazama chini. Nadhani alikwisha kuelewa. Mchwa walikuwa pale pale kwenye ulimi wangu, wameketi tayari. Lakini marehemu aliniachia vibao vile kwa sababu nilisema kweli kuhusu mafunjo wakati wengine walikuwa wanabahatisha. Nikafungua pindo. Nikapiga magoti na kuvipanga vile vitupu kando ya vyenye maandishi, nyuzi kwa nyuzi, mbili nene, moja nyembamba, lile kovu. Vikashikana vilevile kama Kabambare. Jani likawa zima, nusu nyeusi, nusu tupu.

"Niliosha," nikasema. "Mutoto wangu alikuwa anakufa. Nilimunywesha."

"Umeosha amana?" Sauti ya mume wangu ilikuwa ndogo, na udogo wake ndio niliouogopa siku zote.

Mgeni hakumtazama. Alipitisha kidole juu ya ule utupu, taratibu, kwenye mstari ambao nusu ya kwanza ilikuwa na neno na nusu ya pili haikuwa nalo.

"Maneno tunayo kanisani, tunayasoma kila mwaka," alisema. "Mkono huu ndio hatutaupata tena." Kisha akaniuliza: "Mtoto alikufa?"

Nikaelekeza mkono uani. Binti yangu alikuwa anatwanga muhogo, amesimama juu ya kigoda kwa sababu kinu kilimzidi kimo. Nikamwita, akaja na unga mpaka viwikoni, hana habari na ametukasirikia kwa kumkatiza.

Mgeni aliinua vipande vinne juu ya kibao, akaviweka kwenye kipaji cha uso wake, akavibusu, kama wafanyavyo kanisani kwao mbele ya kitabu. Akaviweka chini. Kisha akasimama, akamwomba mume wangu ruhusa, naye, kwa kushangaa tu, akaitikia kwa kichwa. Mgeni akainama mbele ya binti yangu, akagusa kipaji chake kwa kipaji cha mtoto, na akambusu kichwani, vilevile, kwa utaratibu uleule.

"Nimepokea," aliniambia. "Vyote vinne."

Binti yangu akajifuta paji la uso kwa kiganja cha unga, akaniuliza kama sasa anaweza kurudi kutwanga.