Usilifunike Sikio Lako

Ipo asubuhi moja ambayo huikumbuka kila ninaponyoa ndevu, kwa sababu kioo hunionyesha sikio langu la kushoto na kovu lililolikunja kama jani lililoungua pembeni. Juzi ulipokuja kunisalimia, mwanangu, ulimaliza chai yako bila kuivua ile kofia ya sufu, na jua lilikuwa kali. Ulipoinama kuweka kikombe nikaona pamba imechungulia chini ya kofia. Sikukuuliza. Ulipoondoka nilikaa mlangoni hadi ng'ombe wa jirani wakarudi kutoka malishoni, nikijilaumu kwa kunyamaza. Naandika sasa niliyopaswa kuyasema.

Najua unalipanua sikio lako huko chumbani kwako, peke yako, ukitazama simu. Sikucheki. Mimi pia nilitaka masikio makubwa, miaka ile bendera yetu ikiwa bado mpya.

Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nikarudi nyumbani kwetu upande wa Othaya kungoja kazi. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu, alikuwa na masikio ya zamani, ndewe zake, zile nyama laini za chini ya sikio, zikining'inia hadi karibu na mabega. Akienda kuchuma kahawa alizikunja na kuzitundika juu ya masikio ili zisinaswe na matawi. Wanawake wa rika lake walikuwa wamekwenda hospitalini mmoja baada ya mwingine, wakashonwa, ili wakae kanisani bila kutazamwa. Cucu alikataa. Kwa hiyo alikaa benchi la nyuma, kitambaa kimefika kwenye nyusi, na baada ya ibada hakuna aliyemngoja watembee pamoja.

Mwaka huo vijana wa kijiji walianza kujifunza ngoma za zamani ili tukacheze mjini Nyeri kwenye sherehe za Desemba. Mzee aliyetufundisha alitupanga bila huruma. "Wenye masikio ya kweli watakuwa mbele," alisema. "Hawa wanaofunga shanga kwa uzi watacheza nyuma, na watoto."

Hakuna kijana aliyekuwa na masikio ya kweli. Nikaenda kwa Cucu.

"Ati unataka nini?" aliniuliza, akaweka chini mbaazi alizokuwa akichambua. "Wewe, uliyesoma vitabu vyote hivyo?"

"Masikio kama ya Guka, Cucu." Guka ni babu, mume wake, ambaye alikuwa amekufa zamani.

Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akanishika sikio, akalivuta, akaliminya kama mtu anayenunua parachichi. "Hili ni gumu. Ni sikio la karani. Lakini tutaliomba."

Alinitoboa la kushoto kwanza, kwa mwiba, akaniacha. Niliposema tundu limepona, alilitazama akasema bado. Miezi ilipita, mahindi yakafika magotini, ndipo akakubali kuanza. Alikuwa amechonga vijiti vyembamba kuliko vya kiberiti, akavisugua hadi vikawa laini kama mfupa. Kila asubuhi, baada ya kukamua, tulikaa mlangoni kwake penye jua. Alinawa mikono, akapasha moto mafuta ya mbarika kiganjani, akaisugua ndewe yangu polepole hadi ikalegea. Mara moja kwa mwezi aliingiza kijiti kimoja kando ya vile vilivyokuwemo. Kimoja tu. Kama nilikunja uso, alikitoa, akasema tujaribu mwezi mwingine.

Huku akisugua alinisimulia mambo. Alinieleza Guka alivyokuwa akicheza, na jinsi alivyomwona mara ya kwanza akivuka mto akiwa ameshikilia masikio yake yasilowe. Sijui kama alikuwa amewahi kumweleza mtu mwingine. Mimi nilikuwa nikihesabu vijiti, nikiona havitoshi.

Desemba ilipokaribia, rafiki yangu Kariuki alinishika kidevu mbele ya wachezaji wote, akanigeuza huku na huku. "Jamani, huyu bado ni karani! Hapo hapaingii hata punje ya maharagwe."

Walicheka. Nilimwendea Cucu nikamwambia aongeze vitano kwa mpigo.

"Hapana."

"Cucu, sherehe ni wiki ijayo."

"Kwani ni sikio linaenda sherehe? Ni wewe unaenda. Liache lije na mwendo wake."

Ndani ya kiondo chake, kikapu cha kamba kilichotundikwa ukutani, kulikuwa na kipande cha mti cha duara, cheusi kwa mafuta ya miaka mingi. Kilikuwa cha Guka, alichokivaa sikioni maisha yake yote. Asubuhi ya safari, Cucu akiwa mtoni, nilikichukua. Nilitoa vijiti sikioni, nikaviacha humo kiondoni. Kile kipande nilikipaka mafuta ya kupikia, nikaegemea mti wa uzio, nikasukuma. Sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo, kama kitambaa kinachopasuka. Nililia machozi, lakini kiliingia.

Nilicheza mbele, mwanangu. Watu wa mjini walinishangilia. Damu ilishuka shingoni ikachanganyika na udongo mwekundu tuliojipaka, na hakuna aliyejua ipi ni ipi.

Kufikia kesho yake sikio lilikuwa limevimba, la moto, na kile kipande hakikutoka. Ningeweza kurudi nyumbani. Barua hata haikuhitajika. Ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Lakini ningemwambia nini? Nilifunga kitambaa kichwani, nikajificha kwa Kariuki, ambaye alikuwa amepanga chumba karibu na soko, nikasema meno yananiuma. Nilipoanza kutetemeka kwa homa yeye mwenyewe alinipeleka hospitalini. Walikata nyama iliyooza, wakashona iliyobaki. Kile kipande cha Guka walikitupa pamoja na pamba chafu. Sikuwaambia wanirudishie. Niliona haya kusema kwamba kina mwenyewe.

Baadaye nilipata kazi ya ukarani Karatina. Kutoka huko hadi kwetu si mbali, lakini mimi nilipafanya pawe mbali. Nilituma sukari. Nilituma blanketi. Mama alipokuja kuniona alisema Cucu anauliza sikio limeendeleaje, na lile la kulia tutalianza lini.

"Anajua kuhusu kile kipande?" nilimuuliza.

"Alijua siku ileile. Kiondo ulikiacha wazi." Mama alinitazama. "Alisema, 'Ule mti ulikuwa wa mume wangu, na mume wangu hayupo. Huyu yupo. Mbona haji?'"

Nilijibu kwamba nitakwenda kahawa ikiisha. Kahawa iliisha. Nikasema Pasaka. Nilikuwa nikingoja kovu lipungue, kana kwamba yeye, katika watu wote, angelicheka sikio lililoharibika.

Nilikwenda kumzika. Kwenye kiondo kilekile nilikuta vijiti vyangu, vimefungwa kwa uzi, kila kimoja kikiwa kinene kidogo kuliko mwenzake. Vilikuwa bado vinang'aa. Mti ukikaa bila mafuta hupauka na kupasuka. Hivi havikuwa vimepauka. Muda wote huo alikuwa akivipaka. Mama alisema kila asubuhi, baada ya kukamua, alivitoa, akakaa navyo mlangoni penye jua.

Ninavyo hapa mezani. Mimi pia huvipaka mafuta, ingawa nyumba hii haina sikio la kuvitia.

Basi sikia, mwanangu. Kama unataka masikio makubwa, yatafute kama Cucu alivyonifundisha. Tundu lipone kabisa kwanza, na kupona huchukua miezi. Nawa mikono, safisha ulichokitayarisha, lisugue sikio kwa mafuta safi hadi lilegee. Ongeza kidogo sana, kisha ungoje wiki nyingi, hata kama unaona umechelewa. Likiuma, rudi nyuma. Likitoka damu, toa, acha lipumzike, na usijione umeshindwa. Likiwa la moto, limevimba, au linatoa usaha, usingoje homa kama nilivyongoja mimi; nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ujue kwamba ndewe ikivuka kiasi fulani hairudi tena bila kushonwa, kwa hiyo amua mapema unataka kufika wapi.

Hayo simu yako imekwambia, nafikiri. Ambalo haikukwambia ni hili: ukijiumiza, usimkimbie anayekupenda kwa sababu ya haya. Kidonda changu kilishonwa kwa asubuhi moja. Zile asubuhi alizokaa mlangoni peke yake hakuna daktari aliyezishona.

Mungu aipoze ngozi yako. Akupe mikono mitulivu, na mtu wa kukaa nawe penye jua. Akupe miaka mirefu, na katika miaka hiyo usiwe na mlango unaoogopa kuubisha. Cucu aliponibariki alinitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu walivyofanya, na ningependa kukutemea na wewe, lakini hilo haliwezi kupita kwenye karatasi. Itabidi uje. Kofia uiache nyumbani. Njoo na sikio lako lilivyo.