Majina Kumi na Moja ya Bi Nesta

Harufu ya karatasi zenye unyevu hunirudisha Handsworth, ugenini kwa Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sebuleni kwa Bi Nesta, ajuza wa Kiwelisi aliyekuwa jirani yetu tulipofika kutoka Uvira. Nilikuwa na miaka tisa, na ukuta mmoja tu ulitutenganisha. Kila Jumapili mchana alinipa mkate wa zabibu, akafungua daftari lake kuukuu, akanisimulia kwa Kiingereza chepesi kijiji alikozaliwa, kwenye tambarare kavu za Ajentina. Familia kumi na moja za Kiwelisi zilivuka bahari kukianzisha ili watoto wao waseme lugha yao bila kuchekwa. Walichimba mfereji kwa majembe, wakavuna ngano. Mafuriko yakabomoa nyumba, wakajenga tena. Kilichowamaliza si maji. Watoto walianza kuwajibu wazazi kwa Kihispania, wakahamia mjini mmoja mmoja, hata ikabaki zamu ya Bi Nesta, wa mwisho kuondoka, kufunga mlango wa kanisa.

Kanisani humo, kabla ya sala, kila nyumba iliitwa kwa jina, na aliyekuwepo aliitika "Yma," yaani nipo. Bi Nesta hakuiacha desturi hiyo. Aliita majina yote, akingoja baada ya kila moja, na kimya kile, jamani, kilinisisimua mwili. Siku moja huruma ikanishinda, nikaitika. Akalia. Nikaitikia yote kumi na moja.

Nilipomsimulia Mama, uso ulimsawijika.

"Umeitikia wafu, mwanangu," akasema polepole. "Siku wakikuita wao, utasema hupo?"

Akanikataza kurudi, nami, pamoja na ubishi wangu wote, nikanywea. Jumapili iliyofuata nilimsikia Bi Nesta ng'ambo ya ukuta akiita jina la kwanza. Akangoja. Akaliita tena, kwa sauti zaidi. Nikaziba masikio kwa mto. Wahenga husema kataa neno, usikatae wito; mimi nilikataa vyote. Jumapili ya tatu hakuita. Walimkuta kitini, daftari mapajani.

Leo Mama ni mzee, anaishi nami Perry Barr, si mbali na Handsworth. Baada ya chakula huwataja majirani wa Uvira nyumba kwa nyumba, na wanangu humjibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Jumapili iliyopita alimwita kitinda mimba wangu kutoka chumba cha pili, kwa Kiswahili, mara tatu, akingoja kila mara. Mtoto alimsikia vizuri kabisa. Akavuta mto wa kochi, akajiziba masikio. Niliogopa kuliko Jumapili ile nilipojiziba mimi.

"Nipo, Mama," nikaitika mimi.

Hakuwa ameniita mimi.